Padri wa Kiyanza na Ngeli Zetu

Mwaka 1987 nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya sekondari wilayani Ngara, huku kwetu Kagera. Siku hiyo nilikuwa nimejaza ubao mifano ya ngeli: mtu na watu, mti na miti, kiti na viti, jiwe na mawe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, Mhangaza kama mimi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nyumbani tunasema umuntu, tunasema ikintu. Ukiondoa ya mbele, kinachobaki ni kilekile, ntu. Sasa hiyo ntu peke yake ni nini?"

Nikamwambia kwamba huo ni mzizi tu, na mzizi hausimami bila kiambishi, kwa hiyo tuendelee na somo. Akakaa. Kabla sijageukia ubao nilishajua kwamba nimemjibu vibaya. Mtoto ameuliza jambo kubwa, nami nimemfungia mlango kwa istilahi.

Jumapili baada ya misa nilimsimulia padri mmoja mzee wa parokia yetu, aliyewahi kuishi miaka kadhaa Butare, nchini Rwanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, swali hilo padri mwenzangu ameliandikia kitabu." Akaingia ndani, akatoka na kitabu kinene cha Kifaransa chenye jalada lililofifia. Kifaransa mimi sikijui. Basi tukapatana: kila Jumapili, saa moja baada ya misa, yeye atasoma na kunifasiria kwa Kiswahili, mimi nitaandika. Tuliendelea hivyo kwa miezi mitano. Ninayo bado madaftari manne ya kazi hiyo, na karibu kila ninachosimulia hapa kuhusu falsafa ya mwandishi wa kitabu hicho, Padri Alexis Kagame, kilianzia humo.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1912 mahali panapoitwa Kiyanza, nchini Rwanda. Asichanganywe na Paul Kagame, rais wa Rwanda. Mwaka huo Rwanda ilikuwa sehemu ya koloni lilelile la Wajerumani lililotawaliwa kutoka Dar es Salaam, ingawa mwami, yaani mfalme, aliachiwa sehemu kubwa ya madaraka yake. Ukoo wa Kagame ulikuwa wa abiru, na hapo sina budi kutua, kwa sababu bila abiru hatuwezi kumwelewa mwanafalsafa huyu.

Abiru walikuwa washauri wa ibwami, yaani makao ya mwami, na walinzi wa ubwiru. Ubwiru ulikuwa kanuni ya siri ya ufalme, yote ikiwa imehifadhiwa kichwani, neno kwa neno. Uligawanywa katika inzira, yaani njia, kwa neno lilelile tunalotumia Wahangaza kwa njia ya kwenda kisimani. Kulikuwa na njia ya ukame, iliyoeleza mwami afanye nini mvua ikikataa. Kulikuwa na njia ya malimbuko ya mtama, na njia ya kumtawaza mwami mpya. Kila mwiru alishika sehemu yake, na kuitoa nje ya waliostahili kuijua ilikuwa hatia kubwa. Pembeni mwao walikuwapo mafundi wengine wa kumbukumbu: abacurabwenge waliotaja nasaba ya wafalme bila kuruka jina, na abasizi waliotunga na kughani mashairi ya kuwasifu wafalme. Hawa abasizi hawakuruhusiwa kubadili neno kwa kujipendezea. Shairi la mfalme aliyekufa zamani lilipaswa kufika kwa mjukuu kama lilivyotoka kwa babu.

Nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi, na vitabu vyetu vya shule huizungumzia kama kitu kinachobadilikabadilika kila kinaposimuliwa. Ni kweli kwa hadithi za sungura na fisi. Lakini ibwami, Rwanda, kukariri kulikuwa kazi ya kitaalamu kama uhunzi, yenye mafundi, wanagenzi na adhabu ya kuharibu. Kagame alitoka kwenye nyumba iliyojua kwamba neno likihama mahali pake, kitu fulani duniani kinaharibika. Mtoto aliyekulia humo hawezi kushangaza akija baadaye kuchukua kiambishi kimoja na kukikodolea macho kwa miaka.

Mwaka 1931 Wabelgiji, waliokuwa wameshika nchi tangu vita ya kwanza ya dunia, walimwondoa Mwami Musinga na kumweka mwanawe, Mutara Rudahigwa. Musinga hakutaka ubatizo. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943. Hebu fikiria maana yake kwa abiru: wamebeba vichwani kanuni nzima ya kumtawaza na kumlinda mwami, na sasa mwami anatawazwa na gavana wa kizungu na kuungama kwa padri. Njia zote zile zikabaki bila mwenye kuzipita. Musinga alipoondolewa, Kagame alikuwa kijana seminarini. Alikuwa miongoni mwa wachache walioaminika pande zote mbili, kwa wazee wa siri kwa sababu ya ukoo, na kwa Kanisa kwa sababu ya masomo. Alianza kuandika mashairi ya ibwami angali mseminari, na alipopata upadrisho mwaka 1941 aliendelea, safari hii akiwa na ruhusa ya Rudahigwa, ambaye alikuwa rafiki yake.

Wazee walimweleza mengi sana, lakini kwa sharti: maneno yao kamili yasichapishwe wakiwa hai. Alilishika sharti hilo. Alichapisha muhtasari na maelezo yake mwenyewe, matini kamili akayaweka. Wataalamu wa baadaye wamemlalamikia kwa hilo, kwamba tunalazimika kumwamini yeye bila kuwasikia waliosema. Mimi namtetea. Mtu aliyepewa siri kwa kiapo, akiivunja ili apate sifa ya utafiti, amepata nini?

Alikuwa pia mhariri wa Kinyamateka, gazeti la Kikatoliki la Kinyarwanda lililoanzishwa mwaka 1933. Mwaka 1943 akatoa kwa Kinyarwanda juzuu ya kwanza ya historia ya nchi, Inganji Kalinga, iliyoitwa kwa ngoma ya kifalme, Kalinga. Kisha mwaka 1949 akatoa utenzi mmoja ambao padri wetu alipokuwa akinieleza macho yalimng'aa. Rwanda wana utungo maalumu uitwao amazina y'inka, majina ya ng'ombe, ambamo ng'ombe husifiwa kama shujaa wa vita: pembe zake, mwendo wake, adui aliowashinda. Kagame akachukua mtindo huo mzima, pamoja na heshima zake zote, akausifia nguruwe. Utenzi unaitwa Indyohesha-birayi, yaani kinachokoleza viazi. Walioghaniwa hadi wakati huo ni wafalme, mashujaa na ng'ombe, naye akamleta ukumbini mnyama ambaye hakuna aliyefikiri anastahili hata ubeti mmoja. Mkumbuke ng'ombe na nguruwe hawa. Nitawarudia.

Mwaka 1950 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingizwa katika chuo cha kifalme cha wataalamu wa makoloni huko Brussels. Miaka miwili baadaye akachapisha kitabu juu ya kanuni za utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni, akitetea utaratibu wa zamani, pamoja na ubuhake, ule mfumo wa mtu kujiweka chini ya bwana mwenye ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilikisoma kama siasa, askofu wake akashinikizwa, na padri akapelekwa Roma kusoma. Ubuhake wenyewe ulifutwa mwaka 1954, na aliyeufuta ni Rudahigwa.

Huko Roma, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, ndiko mwiru alipogeuka mwanafalsafa. Alimaliza udaktari wake mwaka 1955, na mwaka uliofuata tasnifu ikachapwa Brussels kwa jina La philosophie bantu-rwandaise de l'Être, falsafa ya Kibantu ya Rwanda kuhusu kuwapo. Hiki ndicho kitabu chenye jalada lililofifia. Ameandika kwa namna ya mazungumzo, mmoja anauliza na mwingine anajibu, kama wazee wawili kandokando ya moto.

Yapata miaka kumi kabla yake, mmisionari Mbelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga, Placide Tempels, alikuwa ametoa kitabu mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akidai kwamba kwa Mbantu kuwapo ni nguvu ya uhai, na kila kitu ni nguvu inayoongezeka au kupungua. Kitabu hicho kiliwafurahisha wengi, maana kilikuwa kinakiri kwamba Waafrika wanafikiri. Kagame alimshukuru kwa kufungua njia, lakini alitaka ushahidi. Umewasikiliza Waluba, sawa, lakini umejuaje kwamba hivyo ndivyo wanavyofikiri Wabantu wote? Na kama hakuna kitabu cha falsafa kilichoandikwa na wazee, tutathibitisha kwa nini? Jibu lake lilikuwa lugha. Lugha hakuna aliyeitunga ili kumfurahisha mmisionari, na hakuna awezaye kuigushi. Imekaa hapo, kila mtu anaisema, na ndani yake yamo maamuzi ambayo wazee waliyafanya kabla hatujazaliwa.

Mtaalamu Mjerumani, Wilhelm Bleek, ndiye aliyelifanya neno Bantu kuwa jina la lugha zetu katika karne ya 19, baada ya kuona kwamba kila mahali watu huitwa kwa namna hiyo. Bleek aliishia kwenye jina. Kagame alikata neno kama alivyolikata yule msichana wangu, akauliza swali lilelile. Ntu, akasema, ndiyo "kilichopo" chenyewe, kabla hatujasema ni kilichopo cha aina gani. Hakisemwi peke yake, kwa sababu hakuna kitu duniani kilichopo tu bila kuwa cha aina fulani. Na aina ni nne. Umuntu ni kilichopo chenye akili. Ikintu ni kilichopo kisicho na akili, iwe jiwe, mti au mnyama. Ahantu ni mahali na wakati kwa pamoja. Ukuntu ni namna, jinsi kitu kilivyo.

Wenye kuijua falsafa ya Wagiriki wataona alichofanya. Aristotle alihesabu aina kumi. Ile ya kwanza, kitu chenyewe, Kinyarwanda kinaipasua mbili, chenye akili na kisicho nayo. Mahali na wakati, ambavyo Aristotle alivitenga, Kinyarwanda kinaviweka kapu moja. Na zile saba zilizobaki, wingi, sifa, uhusiano, kutenda, kutendwa, mkao na kumiliki, zote zinaingia kwenye ukuntu. Na Mungu? Imana, asema Kagame, hayumo katika ntu kabisa. Yeye ni Iya-Mbere, wa kabla ya vyote, aliyeweka ntu bila kuwa mojawapo.

Nilipoisikia hii mara ya kwanza nilifanya kile ambacho mwalimu wa sarufi lazima afanye. Nilirudi nyumbani, nikawasha taa, nikaanza kuipima kwa Kiswahili.

Sisi walimu tulikuwa tumezoea kugombana juu ya vigezo viwili vya ngeli. Wa zamani walizigawa kwa umbo la nomino, M-WA, M-MI, KI-VI na kuendelea. Wa sasa huzigawa kwa upatanisho, A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA. Hata neno lenyewe, ngeli, vitabu vya sarufi husema tumelikopa kutoka Kihaya cha huku kwetu, likiwa na maana ya aina. Lakini hakuna aliyekuwa akituambia tuulize zinamaanisha nini.

Mtu na kitu zipo. Kiswahili kimeidondosha n njiani, lakini mtu ni umuntu yuleyule, kitu ni ikintu kilekile, na utu ni ubuntu. Kwa ahantu na ukuntu, nikakwama. Tunasema mahali, neno la Kiarabu. Tunasema jinsi, Kiarabu tena, au namna, ambalo nalo limetoka ng'ambo ya bahari. Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Lugha yetu, ambayo imeishi kwa biashara na safari, iliuza maneno yake ya mahali na namna ikanunua mengine, lakini mtu na kitu haikuviweka sokoni.

Kisha nikaona kwamba mahali yenyewe hatukuiacha ikae kama ilivyokuja. Hatusemi mahali mzuri wala mahali kizuri. Tunasema mahali pazuri, mahali hapa pananipendeza. Neno limetoka Uarabuni, lakini likifika kwetu linavishwa pa, na pa hiyo ndiyo ha ya ahantu. Mzizi umeondoka, kiambishi kimebaki mlangoni kinawapokea wageni.

Na kuhusu mahali na wakati kuwa kapu moja, Kiswahili kinamtetea Kagame kuliko hata nilivyotegemea. "Nyumba niliyopo" ni mahali. "Nilipofika" ni wakati. Po ileile. Tukianza hadithi tunasema hapo zamani za kale, tunaonyesha wakati kwa kidole kana kwamba ni uwanja ulio mbele yetu. Nimetumia neno hapo maelfu ya mara maishani na sikuwahi kuliona.

Kuna jambo jingine ambalo padri alilisoma mara mbili ili niandike vizuri. Descartes, Mfaransa, alijenga falsafa yake juu ya sentensi kwamba anafikiri, kwa hiyo yu. Kagame anasema sentensi hiyo kwa Kinyarwanda haikamiliki. Ukimwambia mzee wa kijijini "ndi", mimi ni, atangoja uendelee: wewe ni nani, ni nini, uko wapi? Kuwa bila kuwa kitu au kuwa mahali hakusemeki. Nikajaribu kwa Kiswahili. Ninafikiri, kwa hiyo ni... haiwezekani. Ninafikiri, kwa hiyo nipo. Inawezekana! Lakini tazama tulichofanya ili iwezekane: tumeweka po. Kwetu kuwapo ni kuwa mahali. Descartes alitaka kujithibitisha bila mwili na bila dunia, na Kiswahili kinamrudisha chini na kumpa pa kusimama.

Hapo nilikuwa nimeshampenda mwanafalsafa huyu kwa dhati. Lakini lipo nililomkatalia, na nalikataa hadi leo.

Ni wale ng'ombe. Kwa Kinyarwanda, na kwa Kihangaza changu, ng'ombe akija tunasema inka iraje, kwa upatanisho ambao Mswahili angeutumia kwa nyumba au nguo. Kagame anasema hivyo ndivyo inavyostahili, ng'ombe hana akili, ni ikintu. Kiswahili hakikubali. Sisi tunasema ng'ombe amekuja, mbuzi wamekula mihogo, kiboko amelala mtoni, ingawa kiboko amevaa ki waziwazi. Kiswahili kimechora mpaka kwenye uhai unaotembea, hakikungoja akili. Sasa, kama ngeli ndiyo falsafa, tuseme Mswahili wa Lamu anamheshimu ng'ombe kuliko Mnyarwanda? Mnyarwanda, aliyemtungia ng'ombe mashairi ya kishujaa, aliyemwamkia kwa jina lake? Sarufi imemweka ng'ombe na mawe, watu wenyewe wakamweka karibu na wafalme. Na aliyelijua hilo kuliko wote ni Kagame, kwa sababu ndiye aliyemchukua nguruwe, ikintu kisicho na hadhi yoyote, akamvika sifa za mashujaa. Mshairi ndani yake alikuwa ameshampinga mwanafalsafa miaka saba kabla tasnifu haijachapwa.

Wakosoaji wake walikuja kwa njia nyingine. Paulin Hountondji wa Benin, katika miaka ya 1970, alimkubali Kagame kuwa mwangalifu kuliko Tempels, lakini akasema kosa ni lilelile: falsafa haiwezi kuwa mali ya kabila zima bila wenyewe kujua. Falsafa ni mtu mmoja mwenye jina anayetoa hoja na kuitetea mbele ya wenzake. Kusema Wanyarwanda wote ni wanafalsafa kwa sababu wanatumia viambishi, ni kuwanyima haki ya kutofautiana. Wengine walisema amekwenda Rwanda na kapu la Aristotle, akachuma kilichoingia humo. Yupo pia mwanaisimu wa Ufaransa, Émile Benveniste, aliyeonyesha mwaka 1958 kwamba hata zile kumi za Aristotle ni sarufi ya Kigiriki iliyovaa joho la falsafa. Kagame alikuwa amechapisha miaka miwili kabla yake.

Naikubali hoja ya Hountondji. Ngeli hazifikiri, watu ndio wanaofikiri. Lakini Kagame naye alikuwa mtu mmoja mwenye jina aliyetoa hoja. Falsafa iliyomo kitabuni ni yake, Alexis wa Kiyanza, ingawa kwa unyenyekevu wa mwiru alisema anarudia tu walichosema wazee.

Linaloniuma zaidi ni historia yake. Kagame aliandika historia ya Rwanda kutoka ibwami, kwa sauti ya ibwami, kwa masikio ya ibwami. Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyetafiti Rwanda, alimkosoa kwa kuyapokea masimulizi ya wafalme kama yalivyo. Humo watawala wana majina na vita na mashairi, na wakulima ni kivuli cha nyuma. Rudahigwa alifariki ghafla Julai 1959, na mnamo Novemba nchi ikalipuka. Watutsi wengi waliuawa au kukimbia, baadhi yao wakavuka kuja huku kwetu. Kagame, pamoja na ukaribu wake wote na ufalme, alibaki nchini na kusalimika.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, niliona kwa macho yangu daraja la Rusumo, mpakani. Watu wapatao 250,000 walivuka kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, wenye damu mikononi na watoto wasio na hatia wakiwa katika msafara mmoja, na chini ya daraja mto Kagera ukiwa unachukua maiti za Watutsi kuelekea ziwani. Shule yetu ilifungwa. Usiku nilitoa yale madaftari, sijui kwa nini, labda mkono ulitafuta kitu ulichokizoea. Nikasoma orodha ya maneno ya ngeli ya kwanza niliyokuwa nimeandika miaka saba nyuma: umuntu, umwana, umugabo, umugore, umuhutu, umututsi, umutwa. Wote mu, wote ba katika wingi. Sarufi haikuwa na ngeli ya kuwatenga. Kagame aliyasoma haya katika lugha yake kwa uangalifu kuliko mtu yeyote, kisha aliposhika kalamu ya historia akawapanga juu na chini. Namheshimu, na ndiyo maana siwezi kulinyamazia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi tu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilipofunguliwa Butare mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa maprofesa wa kwanza, na alialikwa kufundisha Lubumbashi pia. Tangu mwaka 1971 alikuwa katika kamati ya UNESCO iliyosimamia uandishi wa historia kuu ya Afrika. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine juu ya falsafa ya Kibantu, na safari hii akapanua uwanja, akalinganisha lugha za Kibantu kutoka sehemu nyingi badala ya kukitegemea Kinyarwanda peke yake, kana kwamba amekubali kwamba swali alilomuuliza Tempels lilimhusu na yeye. Alifariki ghafla tarehe 2 Desemba 1981, akiwa safarini Nairobi.

Mwishoni mwa mwaka ule wa 1987 nilirudi kidato cha pili na kumwomba radhi yule msichana mbele ya wenzake. Niliandika ubaoni maneno manne ya Kagame, nikawaambia kila mmoja alete ya kwao. Wakayaleta, ya Kihangaza, Kishubi, Kihaya, Kiha, Kisukuma, na tukayapanga safu kwa safu mpaka ubao ukajaa. Safu ya Kiswahili ilikuwa na mtu, kitu, na kwa mahali nikawaonyesha ile po. Chini ya ukuntu niliacha wazi. Nikasema hapa Kiswahili kimepoteza, kimebaki na maneno ya kukopa.

Msichana akatoka kwenye dawati lake bila kuitwa. Akachukua chaki. Chini ya ahantu akaandika alipo. Kisha akasogea nafasi moja, na pale nilipoacha wazi akaandika alivyo.